Kidonge cha Uso

Tangu nimalize darasa la saba sijawahi kumwandikia mtu uongo. Darasa la saba lenyewe sikulimaliza. Niliishia la tano, na hata huko la tano mwalimu alikuwa akisema heri ningebaki nyumbani nikachunga mbuzi. Kwa hiyo mnisome kwa tahadhari. Ila haya ya Nyangi Wambura na mke wake Bhoke nayajua vizuri, maana ya majirani nimeyajua siku zote kuliko yangu.

Wageni wakisikia nasema Nyangi na mke wake, wanakohoa, basi niseme mapema. Kwetu huku Butiama mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe kama wanaume wanavyotoa, analeta msichana nyumbani, anachagua mwanamume wa ukoo wa kuja kulala naye, na watoto wakizaliwa wanakuwa wa nyumba ile na wanachukua jina la marehemu. Inaitwa nyumba ntobhu. Nyangi alitoa ng'ombe wanane kwa baba yake Bhoke, upande wa Bunda, na waliosikia idadi walicheka chini chini, kwa sababu Bhoke alikuwa na miaka ishirini na nane na uso wake ulikuwa vile ulivyokuwa.

Ulikuwa na chunusi. Si zile za wasichana wa shule zinazokuja na kuondoka. Hizi zilikaa kwenye taya zote mbili na kidevuni mpaka shingoni, kubwa, ngumu, zenye kuuma hata mtu akilalia mto, na zikipona zinaacha madoa meusi. Alipokuwa mdogo waliambiana zitaisha akikua. Akakua. Wakasema zitaisha akiolewa. Akaolewa, na baada ya mwaka mume akamrudisha kwa baba yake, akisema alidhani ni ugonjwa wa muda. Kwenye harusi ya mdogo wake Hana, mpiga picha alipoita familia isimame, shangazi yao alimnong'oneza Bhoke akaangalie kama pilau haiungui. Pilau ilikuwa imeshaliwa. Bhoke alikwenda akasimama mbele ya sufuria tupu mpaka picha zikaisha.

Huyo ndiye ambaye Nyangi alimwoa. Watu walimuuliza kwa nini asitafute mwingine, akajibu kwamba yeye anaoa tumbo, uso atamwachia mwenyewe.

Lakini uso haukukubali kuachwa.

*

Mwanamume aliyechaguliwa na Nyangi alikuwa Elias, fundi wa mashine ya kusaga, mtu wa ukoo, mpole, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka kandambili. Alikuja mara mbili. Mwezi mzima ukapita hajarudi. Nyangi akamfuata mashineni na ndoo ya mtama kichwani ili ionekane amekwenda kusaga.

"Elias, baba. Mbona umetupotea?"

"Mashine, mama. Mkanda unakatikaga."

"Mkanda upi? Nausikia unaunguruma toka asubuhi mpaka naota unga."

Elias alizima mashine ili waongee, jambo ambalo lilikuwa kosa, maana wanawake wote waliokuwa kwenye foleni nao wakapata kusikia. Akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Bhoke ni mtu mzuri, mama. Sina neno naye. Ila nikimwangalia naona kama anaumwa. Naona kama namsumbua mgonjwa."

"Na wewe unamwangalia wa nini? Hukuitwa kuangalia."

Foleni nzima ilicheka. Nyangi naye alicheka, akapokea unga wake, akaaga vizuri. Alipofika nyumbani aliweka ndoo chini na hakula siku hiyo. Bhoke alikuwa uani anaosha vyombo. Kicheko cha mashineni kilikuwa kimeshafika kabla ya Nyangi, kwa sababu kwetu habari hazibebi ndoo.

"Kesho kutwa tunakwenda Musoma," Nyangi alisema. "Nimesikia kuna daktari wa ngozi."

"Nimeshapaka kila kitu, mama."

"Ndiyo maana hatuendi kupaka."

Akauza beberu.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, aliitwa Agness, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito. Alimwingiza Bhoke peke yake. Nyangi alibaki kwenye benchi la nje, kilemba cha njano kichwani, akiwaelekeza wagonjwa wengine foleni inaanzia wapi ingawa hakuna aliyemwomba.

"Siku zako zinakujaje?" daktari aliuliza.

"Zinakujaga zikitaka."

"Na nywele za kidevuni, unazinyoa?"

Bhoke aliinamisha kichwa. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Usione aibu. Umeshatumia sabuni gani?"

"Zote."

"Basi pumzika na sabuni. Huu si uchafu, wala si damu mbaya, wala si hamu ya wanaume kama wanavyosema mtaani. Ni homoni. Kuna za kiume ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kwako zimezidi kidogo, na ngozi yako inazisikia sana. Sabuni haifiki huko. Unahitaji dawa ya kumeza, na itachukua miezi, usije ukakata tamaa wiki ya pili."

Akamwandikia dawa mbili. Ya kwanza kidonge cha manjano, ambacho asili yake ni cha wagonjwa wa presha, kina jina refu ambalo siwezi kuliandika hata mkinilipa. Ya pili pakiti ya vidonge vidogo ishirini na vinane, ishirini na kimoja vyeupe na saba vya kahawia. Hapo daktari alivua miwani.

"Sasa nisikilize. Ukiwa unameza cha manjano, usibebe mimba. Kinapigana na homoni za kiume, na mtoto wa kiume tumboni anazihitaji ili aumbike vizuri. Kinaweza kumdhuru. Ndiyo maana nakupa na hii pakiti, inazuia mimba, na yenyewe inausaidia uso. Siku ukitaka mtoto, njoo kwanza. Tunaacha dawa, tunasubiri, ndipo unabeba. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mume wako umekuja naye? Tumwite naye asikie."

"Yupo nje."

Daktari alifungua mlango akachungulia, akarudi. "Sijamwona mwanamume."

"Ni yule wa kilemba cha njano."

Daktari alifunga mlango polepole akakaa. Alikuwa mtu wa Mara, hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza kitu kimoja tu. "Anataka mtoto lini?"

"Jana," Bhoke alisema.

"Basi mwambie mwenyewe. Au nimwambie mimi."

"Nitamwambia."

Alitoka na karatasi yake. Nyangi alisimama kwa tabu, goti moja kwanza kisha jingine.

"Amesemaje?"

"Nimeze kila siku. Miezi sita, labda mwaka. Uso utapona."

"Na mtoto?"

Bhoke alifungua kanga yake akaifunga upya, nayo haikuwa imelegea. "Mtoto anakuja baada ya uso."

"Sawa," Nyangi alisema. "Kila kitu na foleni yake."

Stendi ya Bweri, kabla ya gari kujaa, Bhoke aliingia chooni. Alipotoka, yale maboksi madogo ya dawa alizonunua, yenye picha ya baba, mama na watoto wawili yalikuwa yamebaki shimoni. Mkononi alikuwa na karatasi za vidonge tu, ambazo hazisemi kitu kwa mtu asiyejua kusoma.

*

Nyangi alichukua dawa zile kama mtu aliyekabidhiwa ofisi. Alizitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati mahali ambapo Bhoke angelifikia kwa urahisi kuliko yeye, lakini mwiko, kopo lilikuwa lake. Kila asubuhi uji ukiiva alilishusha, akabonyeza kimoja cha manjano na kimoja kidogo, akaviweka kwenye kiganja cha Bhoke, akasimama pale mpaka koo likapanda na kushuka.

"Hivi vya kahawia vya nini?" aliuliza mwezi wa kwanza.

"Vya kumalizia pakiti."

"Vizuri. Wazungu wanajua kupanga."

Hakuruka hata siku moja. Siku ya msiba kwa jirani alikwenda na vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga, akamwita Bhoke nyuma ya nyumba ya wafiwa, akampa na maji ya kikombe. Watu walisema Nyangi anamtunza mke wake kuliko wanaume wanavyowatunza wa kwao, na ilikuwa kweli. Mimi nimekuwa na mume miaka thelathini na tatu na hajawahi kuniletea hata panadoli. Ya kwake ndiyo namletea.

Mwezi wa kwanza uso ulizidi kuharibika. Wa pili ukatulia. Wa nne, asubuhi moja mwezi wa kwanza wa mwaka, Bhoke aliosha uso kwenye beseni, akapitisha kiganja kwenye taya, na kiganja kikapita. Alirudia. Kikapita tena. Alikaa pale akichezea shavu lake kama mtoto aliyeota jino.

Baada ya hapo mambo yalikuja kwa mfululizo. Kanisani kiongozi wa kwaya alimtoa mstari wa nyuma akamweka mbele, akidai ni kwa sababu ya sauti, sauti ambayo ilikuwa ileile siku zote. Sokoni mwanamke wa dagaa alimwita dada mrembo, na Bhoke akageuka kutazama nani anaitwa. Elias naye alikuja na kilo ya sukari, akasema mkanda umepona.

Nyangi alimchinjia kuku.

*

Mwezi wa tatu wa mwaka alikuja Keraryo, mdogo wa marehemu mume wa Nyangi. Alikaa kwenye kigoda, akakataa uji, na mtu anayekataa uji kwetu hajaja kusalimia.

"Shemeji, nasikia mke wako amekuwa mzuri. Mpaka Kiabakari wanasema."

"Unaona wivu? Wako bado anafuga ndevu?"

Keraryo alicheka kidogo kisha akaacha. "Uzuri hauandikwi kwenye ukoo. Mwaka wa pili huu. Tumbo liko wapi?"

"Linakuja."

"Linakuja kwa miguu? Nisikilize. Wazee wameongea. Mavuno ya mtama yakiisha hakuna tumbo, msichana anarudi kwao Bunda, ng'ombe wanarudi, na shamba la kaka linagawanywa kwa vijana wangu. Hatuwezi kuacha nyumba inakufa tunaitazama."

"Atabeba. Anatibiwa. Dawa nampa mwenyewe, kwa mkono wangu, kila asubuhi."

Alisema hivyo kwa fahari. Bhoke alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, mikono imejaa majivu ya kusugulia sufuria, na alisikia kila neno. Ng'ombe wale hawakuwepo tena. Baba yake alikuwa ameshawatoa kumwolea kaka yake Dennis, na Dennis alikuwa na mtoto mchanga. Kurudisha ng'ombe kulikuwa na maana ya kumvunjia Dennis nyumba. Aliona wazi kwamba inabidi aseme. Angesema leo, au jioni, au Keraryo akishaondoka.

Keraryo aliondoka. Nyangi aliingia jikoni akakaa juu ya kinu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usiogope. Yule anapenda kutisha. Hata alipokuwa mdogo alikuwa anatisha mbuzi." Akajiweka sawa kwenye kinu. "Lakini hivi ile dawa, haiwezi kuongezwa?"

"Haiongezwi," Bhoke alisema. Akarudi kusugua sufuria.

Msimhukumu haraka. Mtu ambaye ameishi miaka kumi na mitano akiongea na watu huku ameziba kidevu kwa kiganja, halafu mikono yake ikapata uhuru, si rahisi kumwambia airudishe kidevuni.

*

Mwezi wa nne maduka ya dawa ya Musoma yaliishiwa zile pakiti, na cha manjano nacho kikapatikana kwa shida. Wiki tatu zilipita. Kwenye taya la kushoto vikatokea vipele vitano, vyekundu. Bhoke alianza kujifunga kitambaa mpaka mdomoni, Elias akaanza tena habari za mkanda, na wiki ya nne Bhoke akalala na malaria. Nyangi alifunga karatasi tupu za dawa kwenye pindo la kanga akapanda gari la Bunda.

Duka lilikuwa karibu na soko, na watu wamejaa. Muuzaji, msichana mwenye jina la Gloria kifuani, alizipokea zile karatasi akazigeuza.

"Bibi, hivi ni vya nani?"

"Vya mke wangu."

Watu wakacheka. Gloria mwenyewe alijizuia. "Namaanisha anayemeza."

"Ndiye huyohuyo. Masikio yangu yako sawa, labda ya kwako."

Mwanamume mmoja nyuma alisema, "Hongera bibi. Umri huo bado unapanga uzazi."

Nyangi alimgeukia. "Cheka. Mama yako angepanga tusingekuwa tunasukumana hapa."

Safari hii walimcheka yule mwanamume, na Nyangi alicheka nao, lakini lile neno lilikuwa limeshaingia. Alisogea mpaka kifua kikagusa meza, akashusha sauti.

"Mwanangu. Amesema kupanga nini?"

"Uzazi, bibi. Hivi ni vya kuzuia mimba." Gloria alimwonyesha kwa kucha. "Hivi vyeupe ndivyo vinavyozuia. Saba hivi vya kahawia ni vya kuongeza damu tu, havizuii kitu."

"Na cha manjano?"

"Hicho ni cha presha. Wengine wanaandikiwa kwa ajili ya chunusi, kinawasaidia. Nikupe vyote?"

Foleni ilikuwa inasukuma. Gloria hakusema zaidi ya hapo, na aliyeyajua yaliyobaki alikuwa Butiama, chini ya blanketi, anatetemeka.

"Nipe vyote," Nyangi alisema. "Pakiti nipe kumi na mbili."

Stendi alikaa kwenye ukingo wa saruji. Alikumbuka asubuhi moja moja. Alikumbuka nyuma ya nyumba ya wafiwa, na kikombe cha maji. Kisha akazitoa pakiti akaanza kubonyeza vile vyeupe, kimoja kimoja, vikianguka mtaroni, mpaka vikabaki vya kahawia peke yake. Kuku mmoja wa stendi alikuja akadonoa.

"Haya, meza," Nyangi alimwambia. "Na wewe uone kama utataga."

Watu walioketi karibu walicheka tena. Alikuwa anapangusa macho kwa pindo la kanga, nao wakadhani ni vumbi.

*

"Umepata?" Bhoke aliuliza kutoka kitandani.

"Nimepata."

"Safari ilikuwaje?"

"Watu wengi."

Asubuhi iliyofuata uji uliiva, kopo likashuka, na Bhoke akapokea cha manjano kimoja na cha kahawia kimoja. Hakushangaa. Siku ya pili hivyohivyo. Alihesabu mpaka saba. Siku ya nane alifungua kiganja akakitazama kwa muda.

"Mama, bado vya kahawia?"

"Duka lingine lile. Wanafungasha hivyo."

Nyangi alikuwa anakoroga uji ambao ulishaiva na kuepuliwa. Bhoke alimtazama mgongo. Ndipo akajua kwamba mama huyu anajua, na Nyangi, bila kugeuka, akajua kwamba ameshajulikana. Wangeweza kugombana siku ile wakamaliza. Lakini kila mmoja alikuwa na lake la kuulizwa, basi wakanywa uji.

Tofauti ilikuwa moja. Nyangi alijua vyeupe vinazuia mtoto. Hakujua kwamba cha manjano kinaweza kumdhuru. Bhoke ndiye aliyejua, na kumwambia sasa kulimaanisha kumwambia lini alijua, na nani alimwambia, na alikuwa anasikiliza nini Nyangi alipokuwa amekaa kwenye benchi.

Alipata njia yake. Angemeza cha kahawia, na cha manjano angekificha chini ya ulimi, atoke nje akiteme kwenye migomba. Siku ya kwanza alikitema. Siku ya pili alikitema. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi na kwaya ilialikwa Mugango, kanisa la huko linazindua bati jipya, na walisema atakuwepo mpiga picha. Bhoke alisimama kwenye migomba na kidonge ulimini. Vile vitano vya taya vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kunywea. Akameza. Alijiambia ataanza Jumatatu.

Picha ile ipo. Amesimama mbele, wa pili kutoka kushoto, kidevu juu, mikono imeshika kitabu cha nyimbo na wala haijaziba chochote. Jumatatu ilipofika alisema Jumanne.

*

Mwezi wa saba Bhoke alianza kutapika uji. Nyangi alimwangalia siku ya kwanza, akamwangalia ya pili, siku ya tatu akaenda nyuma ya nyumba akacheza peke yake, magoti na yote. Hakutangaza. Alimwambia Elias tu, na Elias akaiambia mashine, na mashine ikaitangazia tarafa nzima. Keraryo alipita njiani akasalimia kwa heshima bila kusimama. Nyangi alisema salamu ile ilikuwa tamu kuliko asali.

"Vile vya kahawia niendelee kukupa?" aliuliza. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza mmoja wao kukaribia jambo lenyewe. "Nasikia ni vya damu. Sasa damu unaihitaji."

"Nipe."

"Na cha uso?"

Hapo palikuwa mahali rahisi kuliko pote. Angesema kinanitapisha, mama, tukiache, na Nyangi angekitupia kuku. Bhoke alifungua mdomo. Elias alikuwa ameahidi kuja mchana. Jumapili kulikuwa na kwaya.

"Nipe tu," alisema. "Mpaka kiishe."

Jumapili walipiga magoti kwenye benchi moja. Nyangi aliomba mtoto wa kiume, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la tatu. Bhoke aliomba wa kike, kwa sababu daktari alisema wa kiume ndiye anayedhurika zaidi. Aliomba bila sauti, akarudia, na kila Nyangi aliposema amina yeye alinyamaza.

Katikati ya mwezi wa nane, wakiwa shambani wanakata masuke ya mwisho ya mtama, Bhoke alikaa chini kwenye mabua akasema ngoja kidogo, mama. Nyangi alidhani ni jua. Kisha akaona kanga.

*

Wodi ile ya Musoma ina madirisha makubwa na mchana mwanga unaingia mpaka chini ya vitanda. Walikuwa wameshamsafisha. Bhoke alilala akitazama dari, na Nyangi alikaa kwenye stuli pembeni, viatu mkononi kwa sababu alihisi ni makosa kuingia navyo. Daktari wa zamu alikuja, kijana mpole aliyeitwa Eliud, akaisoma kadi ya hospitali ukurasa kwa ukurasa.

"Pole, dada. Pole, mama. Mimba nyingi changa zinatoka, na mara nyingi hatujui ni kwa nini." Akafunua ukurasa mwingine. "Ila hapa naona uliandikiwa dawa ya uso na daktari wetu. Cha manjano. Hicho hakitakiwi kabisa wakati wa mimba. Ulikuwa unakimeza?"

Nyangi aligeuza kichwa. "Kipi hakitakiwi?"

"Kidonge cha uso, mama. Kinaweza kumdhuru mtoto. Alielezwa siku ya kwanza, imeandikwa hapa."

Nyangi alimtazama Bhoke, akatazama kadi ambayo hakuweza kuisoma, kisha akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika viatu. Aliviweka chini taratibu.

"Mimi ndiye nilikuwa nampa," alimwambia daktari. "Na vile vyeupe nilivitupa. Hiki sikuambiwa. Nilikuwa nampa kila asubuhi, na uji. Nasimama hapo mpaka ameze."

Hakulia. Alianza kuusugua ule mkono kwenye kanga, mbele na nyuma, kama anayetoa tope, na hakuacha. Bhoke alimsikia akisugua. Alijiinua kwa viwiko.

"Sikuwa nameza, mama."

Mkono ulisimama.

"Nilikuwa nakitema. Kwenye migomba. Toka siku uliyotoka Bunda, kila siku nilikitema. Sijameza hata kimoja. Si wewe."

"Kweli?" Nyangi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Kweli, mama."

"Toka lini hiyo?" daktari alisema.

"Mwezi wa tano."

"Miezi mitatu bila dawa."

"Miezi mitatu."

Daktari Eliud alifunga kadi. Alimtazama Bhoke usoni, na Nyangi akafuata macho ya daktari. Mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga Bhoke upande ule wa kushoto, kuanzia sikio mpaka kidevuni. Alikuwa analia, na machozi yalishuka shavuni, yakapita taya, yakafika shingoni, bila kukwama popote.